Kilo 6,4 siyo za TLD yetu

Wandugu, utafiti wa ADVANCE wa Johannesburg unazungushwa sana hapa kama ushahidi kwamba dawa za VIH zinanenepesha. Niliusoma. Ni kazi nzuri: watu 1.053, makundi matatu, ulitangazwa 2019. Namna tunavyousoma sisi, hapo njo kuko matatizo.

Namba inayotajwa kila mara ni kilo 6,4, wastani wa wanawake kisha majuma 48. Hao walikunywa dolutegravir pamoja na TAF, tenofovir ya aina mpya. TLD tunayopewa huku Congo iko na tenofovir ya zamani, TDF. Katika kundi lililokaribiana nayo, wanawake waliongeza kilo 3,2. Kundi la efavirenz, kilo 1,7.

Sasa swali ambalo mtu wa agronomia hawezi kuacha: kile kipande cha kulinganisha, kiko safi? Ukijaribu mbolea mpya kando ya kipande chenye magugu, utaisifu kupita kiasi. Watafiti walirudi kuangalia jeni ya CYP2B6, inayosaidia mwili kuvunja efavirenz. Wanaoivunja polepole, dawa inajaa katika damu, na hawakunenepa kama wenzao. Wanaoivunja haraka waliongezeka karibu sawa na watu wa dolutegravir na TDF. Basi sehemu ya ile tofauti inatoka kwa efavirenz yenyewe, inayozuia uzito kurudi. Kundi lisilokunywa dawa yoyote ndilo lingetuonyesha vizuri, lakini kuwanyima watu dawa ni kuwaua. Na mtu aliyeanza akiwa amekonda, kilo za kwanza ni afya inarudi.

Sibishani na watu wa hesabu tu. Mama mmoja wa avenue yetu, nguo zimeanza kumubana, aliniuliza kama aache kinini. Nilimwambia: Mama, usiache hata siku moja, ile virusi itarudi na nguvu. Nenda kwa munganga akupime uzito, tension na sukari. Maana 3,2 ni wastani, kuko walioongeza zaidi ya hapo, na kumuambia mtu wa namna hiyo "punguza bukari" kisha kumurudisha nyumbani si jibu.

Mwenye atapost tena ile 6,4, aandike kando yake: TAF.