Rubani Aliyeitupa Chupa

Mara ya kwanza kuiona The Gods Must Be Crazy nilikuwa darasa la tano, hapa Mwamkulu, ndani ya kibanda cha matete kilichokuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Asiyekuwa nayo alileta dumu la maji ya kupoozea jenereta. Mwenye kibanda hakujua Kiingereza kutuzidi, lakini alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akatueleza kila kinachotokea, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisukuma, na pale asipoelewa alibuni. Tulicheka mpaka benchi moja likavunjika. Mkanda huo hatukuuita kwa jina lake. Tuliuita "Chupa".

Nimeitazama tena mwaka huu, kwenye kompyuta, usiku, peke yangu, mara mbili mfululizo. Bado inachekesha. Ningependa isichekeshe, maana kazi ya kuandika haya ingekuwa rahisi.

Kwa asiyeijua: ni filamu ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 1980. Rubani wa ndege ndogo anamaliza soda yake juu ya Kalahari na kuitupa chupa dirishani. Inaangukia karibu na familia ya Wasan ambao, kwa mujibu wa filamu, hawajawahi kuona kioo, wala kufungia kitu mlangoni, wala kugombana. Wanaamini miungu imewatumia zawadi. Chupa inafaa kulainishia ngozi, inafaa kutwangia, ukiipuliza mdomoni inatoa muziki. Lakini iko moja. Ghafla kila mtu anaihitaji kwa wakati uleule, sauti zinapanda, na siku moja mtoto anampiga mwenzake nayo kichwani. Xi, anayeigizwa na N!xau, anairusha juu kuwarudishia wenyewe; inamrudia. Anaizika, inafukuliwa. Basi anaamua kutembea mpaka mwisho wa dunia akaitupe huko.

Lawama za kawaida juu ya filamu hii ni za kweli, na zimeshasemwa vya kutosha. Ilitengenezwa chini ya ubaguzi wa rangi, ikasambazwa nje kama filamu ya Botswana ili ikwepe migomo. Wapiganaji wenye silaha ndani yake ni wapumbavu wa kuchekwa, katika miaka ambayo wapiganaji halisi walikuwa wanauawa Namibia. Msimulizi anawaelezea Wasan kwa sauti ileile ambayo vipindi vya wanyama hutumia kumwelezea nyani. Sina la kuongeza hapo.

Ninachogombana nacho mimi ni nadharia yake ya chupa. Katika filamu hii steringi si Xi. Steringi ni kile kioo. Watu ni wema, kinakuja kitu kutoka kusikojulikana, watu wanaharibika, kitu kinaondolewa, watu wanarudi kuwa wema. Ubaya wote umo ndani ya kitu. Ni hadithi tamu kwa sababu haimdai mtu yeyote chochote.

Nakumbuka mtoto mmoja kibandani aliuliza swali ambalo sijalikuta kwa mhakiki yeyote: "Hiyo chupa, mwenye duka haidai?" Tulimzomea. Lakini alikuwa sahihi. Kwetu chupa ya soda ya kioo haikuwa yako hata siku moja. Ulikunywa umesimama palepale dukani, au uliacha hela ya chupa, na ukiivunja nyumbani kwenu walijua. Ilikuwa na kreti yake, na kreti ilikuwa na gari lake la kulirudisha Mpanda mjini. Kwa mtoto wa Mwamkulu, chupa isiyo na mwenyewe ilikuwa ajabu kubwa kuliko chupa iliyoanguka kutoka mbinguni.

Mwaka uleule, likizo ya mwezi wa sita, nilipelekwa kwa bibi, dada yake bibi mzaa mama, upande wa Bonde la Rukwa. Kijiji sitakitaja. Mpunga ulikuwa umeshaingia ndani, na huo ndio wakati ambao lambalamba hufika, kwa sababu ndio wakati watu wana cha kulipa. Walikuwa vijana watatu na mkubwa wao, wameitwa na kijiji kizima baada ya watoto wawili kufa kwa kufuatana. Kila kaya ilitoa debe moja la mpunga. Walipita nyumba kwa nyumba, wakipiga ngoma, wakinusa, wakichimba.

Jikoni kwa bibi walichimba karibu na mafiga. Mimi ndiye niliyeshika chemli. Nilipewa niishike kwa sababu nilikuwa mgeni na kaptula yangu ilikuwa safi, na nilijiona mtu mkubwa. Ikatoka pembe ya mnyama mdogo, imezungushiwa kitambaa chekundu na shanga, mdomoni imezibwa na kitu cheusi kama nta. Nilipiga kelele pamoja na wengine. Nataka hilo lieleweke: sikuwa shahidi aliyesimama pembeni akihuzunika. Niliiona pembe na nikaamini, kwa moyo wote, kwamba bibi aliyenikaangia senene usiku uliopita alikuwa ameua watoto wawili.

Sitaeleza walichomfanyia. Alipona. Nyumba haikupona. Wiki mbili baadaye lori la mpunga lililopitia Kibaoni na Sitalike lilimshusha Mwamkulu na sanduku moja, akaishi nasi mpaka alipofariki. Kwa miezi kadhaa nilikataa kula alichopika. Nilisema tumbo linauma. Alikuwa anajua. Akawa ananiambia, "Haya mjukuu wangu, mama yako atakupikia," kisha anahamia upande wa pili wa ua ili nisile huku namtazama.

Jambo hili si la kijiji kimoja wala si la jana. Katika miaka ya 1930 vijana walioitwa wamchape walitoka Nyasaland, Malawi ya leo, wakasambaa nchi jirani wakikusanya pembe na kuwanywesha watu dawa. Audrey Richards, aliyekuwa akiishi na Wabemba wakati huo, alichapisha makala juu yao mwaka 1935. Alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya jikoni kwa bibi: alizichunguza pembe zilizokusanywa. Nyingi zilikuwa za dawa za kawaida tu; chache sana ndizo watu walikubaliana kwamba zilitengenezwa kudhuru. Miaka ya 1960 Roy Willis aliwakuta Ufipa kwa jina la kamchape na akaandika habari zao mwaka 1968. Huku kwetu Katavi na Rukwa jina linabadilika. Kigoma hata miaka hii ya karibuni bado wanaitwa kamchape. Na Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928 na ambayo bado ipo kwenye vitabu vyetu kama Sura ya 18, inakihesabu kuwa chombo cha uchawi hata kile ambacho watu wanaamini tu kuwa kina nguvu. Mahakama nayo, basi, inaanza na kitu.

Kwa hiyo nilipokuja kuitazama tena filamu ya chupa nikiwa mtu mzima, sikuona vichekesho vya watu wa mbali. Niliona nadharia ya lambalamba, imepigwa picha vizuri, jua la Kalahari likiwa nyuma yake. Kuna kitu. Kitu ndicho kibaya. Kiondoeni, na mtapendana tena. Tofauti ni kwamba Xi anakibeba yeye mwenyewe, kwa miguu yake, bila kumnyooshea mtu kidole. Kijijini kwa bibi kitu kilihitaji kuwa na mtu, na mtu huyo karibu kila mara huwa mwanamke, mzee, mjane, mwenye macho yaliyowekundu kwa moshi wa kuni za miaka 50.

Vitu vinavyotoka angani kweli havina tabia hizo. Kona hii ya nchi inacho kimoja, Kimondo cha Mbozi, kule Songwe, chuma cha zaidi ya tani 10 kilichoanguka kutoka huko juu ambako hakuna anayekujua. Kimelala palepale. Wataalamu walikiandika mwaka 1930, wengine wakakikata vipande kupeleka maabara, na leo watoto wa shule wanapelekwa kwa basi wakapige nacho picha. Kama kitu kigeni kingekuwa na uwezo wa kuwatia watu wazimu kwa ugeni wake tu, Mbozi isingekuwa na mtu.

Lakini Uys ametuachia kitu kimoja, na sidhani alikusudia. Ametuonyesha rubani. Ni sekunde chache tu: uso, kinywaji, dirisha, mkono. Baada ya hapo haonekani tena, hakuna anayemtafuta, wala filamu haimkumbuki hata mwisho, Xi anapofika kwenye genge na kuitupa chupa mawinguni. Hata hivyo tumemwona. Ndiyo maana tunaweza kucheka. Kila Xi anapoizungumzia miungu, mtazamaji anajua kuna mtu aliyekunywa soda. Ondoa sekunde zile, anza filamu na chupa ikiwa tayari mchangani, na haitakuwa vichekesho tena. Itakuwa jikoni kwa bibi.

Wapo waliomtafuta rubani. John Marshall, Mmarekani aliyewapiga picha Wasan kwa miongo kadhaa, alitoa mwaka uleule wa 1980 filamu iitwayo N!ai, juu ya mwanamke wa Tsumkwe, Namibia, iliyokuwa bado mikononi mwa Afrika Kusini. Ndani yake kuna vipande vya watu wa Uys wakiwa kazini, wakiwaelekeza waigizaji. Wasan wasiojua kugombana tunawaona hapa wamekusanywa mahali pamoja, wanaishi kwa mgao wa unga, kifua kikuu kinawamaliza, na jeshi la Afrika Kusini limekuja kuandikisha vijana wao. Nao wanagombana, tena vibaya. N!ai analipwa kwa kuigizwa na kupigwa picha, na majirani zake wanamwita mchoyo. Chupa ipo, basi. Ni hela ya filamu. Ila Marshall anakataa kuishia kwenye hela. Anageuza kamera ikatazame nani anaileta, nani amewazuia kuwinda, nani ameweka kambi. Si filamu ya kuvunja benchi kwa kicheko, na haikufika Mwamkulu. N!xau alifariki mwaka 2003 huko huko Namibia, na katika mambo yote yaliyoandikwa juu yake kwa miaka hiyo, kilichoulizwa zaidi ni kama kweli hakuwa amewahi kuona chupa.

Kuna usiku nilisimamisha filamu kwenye mkono wa rubani, chupa ikiwa inatoka dirishani, nikampigia mama simu. Nilimuuliza juu ya kile kitambaa chekundu. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Hilo mbona bibi yako alilisema tangu siku ya kwanza." Nyumba ile ilikuwa na mchwa. Mkeka ukiuacha chini wiki mbili, unainua nusu. Mchwa walikuwa wamekula nguzo ya mlango, wamekula sanduku la mbao, mwaka mmoja wamekula mpaka cheti cha ubatizo cha marehemu babu kilichokuwa ukutani. Na kitambaa kilichodaiwa kukaa ardhini humo kwa miaka kilitoka chekundu, kizima, hata uzi haujafumuka. Bibi alikionyesha kwa kidole akiwa amekaa chini, akasema jamani kitazameni. Mimi ndiye niliyekuwa na taa. Nilichokitazama ni pembe.

Nikamuuliza mama pembe iko wapi. Nilidhani waliichoma, kama wanavyosema huwa wanazichoma.

Akacheka, si kwa furaha. Mkubwa wao aliondoka nayo, akasema. Aliipangusa udongo kwa kanzu yake, akaitia kwenye mkoba pamoja na nyingine, wakamfungia mpunga wake nyuma ya baiskeli, na jioni ile ile wakasikia ngoma zimeanza kijiji cha pili.