Kiarabu cha Ukubwani



Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba nyingi za pwani zina mtu wao huko bara. Wamo wanaokaa msikitini baada ya Magharibi, pamoja na Warangi wa Kondoa na Wagogo, kuanza Kiarabu ukubwani. Nataka kuvisema vitabu viwili wanavyowekewa mbele.

Cha kwanza ni Ajurumiya ya Ibn Ajurrum wa Fas, aliyefariki mwaka 1323. Nimeisomesha, naipenda. Lakini hufungua kwa kueleza maneno ni nini na yagawanyika vipi. Humdhania mwanafunzi kuwa ana Kiarabu masikioni tayari. Mtu asiyejua kuomba maji kwa lugha hiyo akiambiwa habari za irabu za mwisho, huitika "naam" kwa adabu, na wiki ya tatu humwoni. Kisha twasema akili ya mkubwa imekauka!

Imekauka wapi? Mtu huyu amekwisha jifunza lugha ya kigeni, nayo ni Kiswahili. Mtazame Msandawe, ambaye lugha yake ina sauti za vidoko na haina udugu na Kibantu; hujadili bei ya mbuzi kwa Kiswahili bila taabu. Alianza kwa salamu na bei, kwa kukosea na kuchekwa. Nani alimfundisha ngeli kwanza?

Cha pili ni Durusu za Dakta V. Abdur Rahim, Mhindi wa Vaniyambadi aliyesomesha Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina. Kiarabu hakukinyonya kwa mamaye, na yaonekana: huanza kwa kuashiria kitu, akauliza, akajibu. Mswahili hufurahi, kwani kitabu na kalamu anazo. Ila hakikuandikwa kwa ajili yetu, hakituonyi kwamba harusi kwa Mwarabu ni bibi harusi mwenyewe, na mahali leo kwao ni duka. Wala hakijui jinsi ulimi wetu unavyochanganya qafu na kafu, ukageuza moyo kuwa mbwa. Hilo mwalimu alikazie siku ya kwanza.

Tena watu wa kitabu hicho wengi ni wanafunzi. Muuza nafaka wa soko la Majengo ana miaka hamsini, na katika faradhi za kila siku husoma Fatiha mara 17 asijue neno kwa neno asemalo. Mwalimu amwanzie hapo, kwa maneno aliyo nayo mdomoni tayari, na Durusu zifuate. Ajurumiya ingoje mwaka wa pili.