Siku Nne Kabla ya Rabat: Namna Fainali Ilivyogeuzwa

Tangu usiku wa Jumanne tarehe 22 Julai 2025, zilipokwisha nusu fainali mbili za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, hata usiku wa Jumamosi tarehe 26, mashabiki wa kandanda walipewa muhula wa siku nne wa kungoja fainali, na ni desturi ya watu kuuhesabu muhula kama huo kuwa wakati mtupu, usio na kazi ila ubashiri na mabishano ya vijiweni. Shabaha ya uchambuzi huu ni kubainisha kwamba siku nne zile hazikuwa tupu hata kidogo. Kwamba kwa mtu aliyejua la kutazama, sehemu kubwa ya yale yaliyotukia Rabat, Nigeria ilipokuwa nyuma kwa mabao mawili kisha ikaishinda Morocco 3-2, ilikuwa imekwisha kukaa katika miguu ya wachezaji kabla ya filimbi ya kwanza. Na kwamba watu wa Mbulu na Hanang, waliolelewa katika nchi ya wakimbiaji, walikuwa na maarifa ya kuisoma fainali ile kuliko wengi wanaosifiwa kwa kuujua mpira.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayoutenga ubashiri na ramli. Nigeria, chini ya kocha Justin Madugu, iliifunga Tunisia 3-0, ikaifunga Botswana 1-0, na ilipokwisha kujihakikishia kuvuka kundi ikatoka sare tasa na Algeria. Katika robo fainali iliilaza Zambia 5-0. Na katika nusu fainali mjini Casablanca iliivua ubingwa Afrika Kusini kwa 2-1, bao la ushindi likipigwa na beki Michelle Alozie katika dakika za majeruhi. Morocco, mwenyeji, chini ya Jorge Vilda aliyeipa Hispania Kombe la Dunia mwaka 2023, ilitoka sare ya 2-2 na Zambia, ikaishinda Kongo ya Kinshasa 4-2, Senegal 1-0 na Mali 3-1, kisha ikakutana na Ghana mjini Rabat katika nusu fainali iliyosimama 1-1 hata baada ya dakika 120, ikaamuliwa kwa matuta, 4-2. Mwenye kupenda mabao angeona kwamba timu zote mbili zimefunga 11 katika mechi tano, akasema zimelingana. Lakini Nigeria ilikuwa imefungwa bao 1, nalo la penalti, ilhali Morocco ilikuwa imefungwa 6. Na fauka ya hayo, usiku ule ule ambao wachezaji wa Nigeria walioga na kulala baada ya dakika 90 na za majeruhi zake, wenzao wa Morocco walikuwa wangali uwanjani wakikimbia nusu saa nyingine.

Mtu asiyekimbia huona nusu saa kuwa jambo dogo, na huona siku nne kuwa mapumziko ya kutosha. Hapa ndipo ninapomwita shahidi wangu kutoka miinuko ya Manyara. Nchi ya Mbulu, ambayo mji wake umekaa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ndiyo iliyomlea John Stephen Akhwari, ambaye katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 alifika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, goti lake limefungwa bendeji, wakati walioanza walikuwa 75. Na Hanang ndiyo iliyomtoa Gidamis Shahanga, mshindi wa dhahabu ya marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, na wa mita 10,000 mwaka 1982 huko Brisbane. Katika nchi ya namna hiyo, mtoto hujifunza mapema kwamba gharama ya jitihada hailipwi papo hapo. Kwamba miguu iliyopitiliza juzi yaweza kuanza mbio za leo kwa wepesi ule ule wa kawaida, ikawadanganya watazamaji na hata mwenye miguu mwenyewe, kisha deni likadaiwa kwa ghafula mwendo unapofika theluthi ya mwisho. Mkimbiaji wa Dongobesh au wa Katesh aliyeambiwa habari za nusu fainali zile mbili asingeuliza nani atafunga kwanza. Angeuliza mambo yatakuwaje baada ya dakika ya 60.

Na kweli Morocco ndiyo iliyofunga kwanza, tena kwa uzuri. Nahodha wake Ghizlane Chebbak, aliyemaliza mashindano akiwa mfungaji bora kwa mabao 5, alipata mpira pembezoni mwa eneo la hatari katika dakika ya 12 akaupeleka wavuni. Na katika dakika ya 24 Sanaâ Mssoudy akaongeza la pili. Kipindi cha kwanza kilikuwa cha mwenyeji kwa haki, na uwanja mzima uliamini kwamba kombe limekwisha kupata kwao.

Kipindi cha pili ndicho kinachostahili kukaliwa kitako, maana ndani yake mna somo lote. Timu inayoongoza kwa mabao mawili, nayo ina miguu mizito, hufanya jambo moja bila kuamriwa na kocha: hurudi nyuma. Mabeki, kwa kuogopa kupitwa mbio, husogea karibu na kipa wao. Viungo, kwa kuwa pumzi ya kwenda na kurudi haiwatoshi tena, huchagua ama kubaki mbele ama kuzama nyuma, na aghalabu hawakubaliani katika kuchagua. Basi baina ya mabeki na viungo hufunguka uwanja ambao katika kipindi cha kwanza haukuwapo, na adui akiwa na mchezaji mmoja tu mwenye akili ya kusimama humo, mpira utamfika naye atakuwa ameelekea lango. Hatari ya jambo hili ni kwamba kwa nje hufanana na hekima. Mtazamaji huona watu wengi mbele ya kipa, akadhani lango limehifadhika, kumbe wingi ule ni dalili kwamba mchezo wote sasa unachezwa mahali ambapo kosa dogo, mkono uliochelewa kushushwa au mguu uliochelewa kuondolewa, hulipwa kwa penalti.

Tazama basi namna mabao matatu ya Nigeria yalivyopatikana, na uyatazame kwa mfuatano, maana kila moja ni mtoto wa sababu ile ile. Katika dakika ya 64 mpira ulimgusa mkononi beki Nouhaila Benzina ndani ya eneo la hatari, refa akarejea picha za video, akatoa penalti, na Esther Okoronkwo akaifunga. Katika dakika ya 71 Okoronkwo huyo huyo alimwandalia Folashade Ijamilusi, naye akasawazisha. Katika dakika ya 88 Nigeria ilipata mpira wa adhabu, Okoronkwo akaupiga, na Jennifer Echegini, aliyeingia kutoka benchi, akauunganisha wavuni. Mkono wa beki, pasi ya karibu, mpira wa adhabu: hakuna hata bao moja lililotokana na shuti la mbali au mbio za mtu mmoja aliyewapangua wote. Ni mabao ya timu iliyopiga kambi katika nusu ya mwenzake na kumlazimisha afanye kazi ya ulinzi kwa muda mrefu kuliko nguvu alizokuwa nazo. Na la mwisho, ambalo ndilo lililoleta kombe la kumi la Nigeria, liliguswa mwisho na miguu ambayo haikuwa imecheza tangu mwanzo. Madugu alistahili sifa kwa saburi yake: hakuibomoa timu kwa hofu ilipokuwa nyuma, aliiacha ifanye kazi yake, akaweka akiba ya miguu mipya kwa ajili ya saa ya deni.

Insafu yataka isemwe pia kwamba nasibu ilikuwa na fungu lake. Mabao yakiwa 2-2, Morocco ilipewa penalti, kisha refa alipotazama tena picha akaifuta. Lau ingesimama na kufungwa, pengine Vilda ndiye angesifiwa leo kwa tadbiri, na Madugu angelaumiwa kwa kuchelewa. Hata hivyo uamuzi huo wa kufuta haukuwapa Nigeria bao, uliwazuia tu Morocco kupata moja, na timu iliyokuwa na pumzi ya kuutumia muda uliosalia ilikuwa ni moja.

Rasheedat Ajibade, nahodha wa Nigeria, aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano, alikuwa mmoja wa wachezaji wawili wa Nigeria waliotolewa kwa kadi nyekundu mwaka 2022 katika nusu fainali dhidi ya Morocco hiyo hiyo, mjini Rabat humo humo, mechi ambayo Morocco ilishinda kwa matuta. Shabiki aliyekuwa akiingoja fainali ya 2025 alipaswa kulikumbuka hilo pia, kwa kuwa miguu yenye pumzi hukimbia zaidi ikiwa na jambo la kulipiza.

Nimeishika hesabu hii ya miguu na pumzi kwa sababu inaihusu timu yetu wenyewe, ya wanawake wa Tanzania. Twiga Stars walifuzu kwenda Morocco tarehe 5 Desemba 2023 mjini Lomé, walipofungwa na Togo 2-0 lakini wakavuka kwa jumla ya mabao 3-2, maana siku chache nyuma walikuwa wamewafunga 3-0 Chamazi. Watu wa Hanang hawakuwa na nafasi ya kuipokea habari hiyo. Siku mbili kabla yake, tarehe 3 Desemba, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaingia Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Wiki ambayo taifa lilifurahi, wao walikuwa wakitafuta jamaa zao ndani ya udongo. Basi mashindano yenyewe yalipofika, mwezi Julai 2025, naona Twiga Stars walikuwa na deni la pekee kwa wilaya ile, ijapokuwa hawakulijua.

Na walicheza kwa heshima. Tarehe 7 walifungwa na Mali 1-0. Tarehe 11, dhidi ya Afrika Kusini iliyokuwa bingwa mtetezi, Opa Clement alifunga katika dakika ya 24, na Tanzania ikaongoza hata dakika ya 70, Bambanani Mbane aliposawazisha. Sare ile ya 1-1 ikawa pointi ya kwanza kabisa ya Tanzania katika mashindano haya, tangu ilipoyashiriki mara ya kwanza mwaka 2010 na kupoteza mechi zote tatu. Tarehe 14, baada ya mapumziko ya siku tatu tu, Ghana iliwafunga 4-1 wakarudi nyumbani. Mwenye kuweka mechi ya Afrika Kusini kando ya fainali ya Rabat ataona kwamba bao la Mbane limeangukia katika robo saa ile ile, baina ya dakika ya 60 na ya 75, ambamo Morocco ilipoteza uongozi wake wote. Na sababu, nionavyo mimi, ni jamaa moja. Wasichana wetu walijua kupata bao. Kulilinda bao bila kujifungia nyuma, kwa kuumiliki mpira na kuupeleka mbali na lango lao hata kama hawana nia ya kufunga jingine, ni ujuzi wa namna ya pili, unaofundishwa kwa miaka, nao hauji kwa ushujaa.

Twiga Stars walifuzu tena kwa mashindano ya mwaka 2026, na mafundisho hayo sharti yaanze mapema kuliko kambi ya timu ya taifa. Mbulu na Hanang hazina uhaba wa wasichana wenye mapafu. Wanaonekana kila mwaka katika michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, na wengi wao huelekezwa kwenye riadha kwa kuwa ndiyo njia ambayo walimu wanaijua. Kinachopungua ni mahali pa kuuona mpira wa wanawake wenzao ukichezwa kwa kiwango cha juu kabisa. Fainali ya Rabat ilianza saa 5 usiku kwa saa za kwetu, katika baridi ya Julai ambayo watu wa miinuko wanaijua, na ikaisha baada ya saa 6 kupita, Jumamosi ikiwa imekwisha kuwa Jumapili. Hakuna mzazi mwenye busara, awe Mwiraqw au Mbarbaig, ambaye angemruhusu binti wa miaka 15 kwenda kukaa kwenye kibanda umiza saa kama hiyo, kati ya wanaume watupu, wala simlaumu. Kwa hiyo yule ambaye uchambuzi huu ungemfaa kuliko wote ndiye ambaye hakuiona mechi.

Dawa yake si ghali. Kumbi za parokia na za usharika zipo Mbulu, Haydom na Katesh, na zipo shule za sekondari zenye umeme na kifaa cha kuonyeshea picha. Mechi iliyorekodiwa yaweza kuonyeshwa Jumapili mchana baada ya ibada, kwa wasichana wa timu za shule pamoja na walimu wao wa michezo na mama zao wakipenda. Wala si lazima ionyeshwe yote. Kipindi cha pili peke yake chatosha, nacho kisimamishwe penye dakika ya 64, penye 71 na penye 88, na kila kisimamapo mwalimu awaulize mabeki wa Morocco wamesimama wapi, viungo wao wako umbali gani kutoka kwao, na nani kati yao alicheza dakika 120 siku nne kabla.