Sikio la Kuazima

Mtunzi ndiye mtu wa mwisho kujua kama maneno ya wimbo wake yanasikika. Ameyaandika, ameyafuta, ameyaimba bafuni na jikoni mpaka ndugu zake wameyachoka. Gitaa likiyafunika, kumbukumbu yake inayafunua. Anasikia kila silabi, hata ile ambayo haikufika kwenye maiki. Methali ya nyani na kundule tumezoea kuitumia kusutana, lakini kwa mtu aliyejirekodi nyumbani haina suto ndani yake, ni hali ilivyo. Hawezi kujisikia. Lazima aazime sikio.

Mwenye sikio hilo ndiye ninayetaka kumsifu. Prodyuza husifiwa, mpiga gitaa husifiwa, siku hizi hata aliyeshika kamera ya video hutajwa redioni. Yule anayeletewa miksi saa nne usiku na kuambiwa “nisikilizie kidogo halafu uniambie” hana cheo wala chombo, na huo wake ni ufundi kamili, adimu kuliko ule wa kugeuza vifundo.

Tuchukue wimbo wa kawaida: sauti moja, gitaa kavu moja, lile ambalo wanamuziki wa zamani wa Tanzania waliliita galatoni, chumba kimoja cha kulala na maiki iliyochomekwa kwenye kompyuta. Watu hudhani kuumiksi ni kazi nyepesi kwa kuwa una vitu viwili tu. Wangejaribu! Bendi yenye tarumbeta na ngoma ina vichaka vingi vya kufichia kosa. Hapa uwanja ni mweupe, na hivyo vitu viwili vinagombea nafasi ileile. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa bila kukanyagwa hutoa mtetemo wa hezi 82 hivi. Hewa iliyomo ndani ya sanduku huvuma karibu na hezi 100. Na humo humo ndimo inamoanzia sauti ya kifua ya mwanamume. Ukiiweka maiki mbele ya tundu, kwa hoja kwamba ndiko sauti inakomiminikia, utavuna mvumo unaomeza kila kitu. Wazoefu huielekeza pale shingo inapoungana na sanduku, umbali wa shibiri moja au moja na nusu. Tena maiki nyingi zinazotumika kurekodia sauti, zikisogelewa sana, huinenepesha besi. Mwimbaji akiusikia unene huo kwenye hedifoni anajiona amekuwa mtu mzito, naye anazidi kusogea.

Chumba nacho kina lake. Sakafu ya vigae na kuta tupu za saruji huirudisha sauti kabla neno halijaisha, wimbo ukasikika kama umeimbiwa ndani ya pipa. Godoro likisimamishwa ukutani na nguo zikitundikwa nyuma ya mwimbaji, nusu ya shida inaondoka, bila gharama yoyote. Nusu iliyobaki inabaki kwenye rekodi, na mwenye rekodi hajui, kwa sababu hicho ni chumba chake. Masikio yake yalishazoea kukipuuza tangu siku aliyohamia.

Halafu kuna suala la saa. Wengi hufanya kazi hii usiku, watoto wamelala, spika zimeshushwa. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halizipokei sauti zote kwa kipimo kimoja. Muziki ukipigwa chini, besi ndiyo inayotoweka kwanza, ilhali eneo la hezi elfu mbili mpaka elfu tano hubaki wazi. Kwa hiyo mtu wa usiku huona wimbo umekonda, akaongeza besi, akalala kwa amani. Kesho yake wimbo unaingia kwenye matatu na vioo vinatetemeka. Hakudanganywa na mashine. Sikio lake lilikuwa linafanya kazi yake ya siku zote, na hapo ndipo sikio la mwenzake, lililoamka asubuhi bila kujua lolote kuhusu wimbo huo, linapokuwa na thamani.

Nimekaa pembeni mara nyingi nikimwangalia mzee mmoja wa Dar es Salaam, aliyewahi kupiga gitaa la besi katika bendi za dansi, akifanya kazi hii. Kijana anabisha hodi na simu mkononi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?”

Kijana hataki chakula, anataka kueleza. Kwamba gitaa lina kasoro kidogo, kwamba korasi bado, kwamba siku ile alikuwa na mafua. Mzee anainua kiganja. “Usinionyeshe pa kusikiliza.” Anausikiliza wimbo mwanzo hadi mwisho, uso hausemi kitu. Kisha anaurudia kwa spika ya simu yenyewe, simu ikiwa juu ya meza, maana huko ndiko utakakoishi. Spika ndogo namna hiyo haitoi besi hata kidogo. Gitaa lililotegemea mvumo wake wa chini hugeuka mchakacho wa nyuzi tu. Mwisho anaondoka. Anaingia chumba cha pili, anaacha mlango wazi na kuanza kukunja nguo zake zilizoanuliwa.

Mara ya kwanza nilidhani amechoka na mgeni. Kumbe ndiyo hatua ninayoistahi kuliko zote. Ukuta na mlango hula madoido: mwangwi uliopambwa, sauti ya pumzi, nyuzi zinazomeremeta. Kinachovuka ni uwiano mtupu, nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Mtu anayekunja nguo hasikilizi kwa hisani. Wimbo ukimfanya asimame na shati mkononi, umemshika kwa nguvu zake wenyewe.

Aliporudi siku ile alisema, “Kwenye ubeti wa pili nimekupoteza. Unamwambia nani, unamwambia nini?”

“Namwambia mama, mzee. Kwamba ile barua niliipata.”

“Basi mimi mama sikumwona. Wala barua.”

Hakutaja desibeli wala hezi, ingawa anazijua. Alitoa ushahidi wa yaliyompata, na hapo akanyamaza. Kijana ndiye aliyegundua, baada ya kuurudia ubeti huo, kwamba pale aliacha kudonoa kwa vidole akaanza kuchapa nyuzi kwa pleki. Mng’aro wa pleki hukaa sana kati ya hezi elfu mbili na elfu nne, na konsonanti zinazotutenganishia “pata” na “kata” ziko hapo hapo. Alichotaka kufanya ni kile ambacho wengi hufanya: kupandisha sauti. Ukipandisha sauti, gitaa huonekana dhaifu. Ukipandisha gitaa, sauti inazama. Baada ya robo saa taa nyekundu zinawaka na hakuna aliyeshinda. “Lipunguze gitaa,” mzee akasema. “Mwimbaji mwache alipo.” Desibeli mbili tatu, katika eneo lile tu, katika ubeti ule tu.

Wako wasikilizaji wa aina nyingine, na sina la kuwasifia. Kuna anayejibu “kali sana, moto!” dakika moja baada ya kutumiwa wimbo wa dakika nne. Kuna mganga wa vifaa, ambaye dawa yake kwa kila ugonjwa ni maiki ya bei kubwa. Na kuna hodari anayeurudisha wimbo umekuwa wake. Huyu ni hatari zaidi kwa sababu toleo lake huwa linasikika juu kidogo, na sikio, kwa udhaifu wake, hulihesabu la juu kuwa ndilo zuri. Kabla ya kulinganisha matoleo mawili yapaswa kusawazishwa kwanza kwa ukubwa wa sauti. Mara nyingi, yakishasawazishwa, uchawi wote unaisha.

Kuhusu mahali pa mwimbaji nina msimamo wangu, na sikuutoa katika vitabu vya studio. Wimbo wa Kiswahili unastahimili sauti iliyo mbele zaidi ya kawaida ya muziki wa roki wa Ulaya na Marekani. Wasikilizaji wetu wamelelewa na taarabu na mashairi ya kughaniwa. Wanasikiliza nani kaambiwa nini, na fumbo limemlenga nani. Gitaa likiwa zuri na fumbo likapotea, watauliza kwa nini mtu alijisumbua kuimba.

Zamani uamuzi huo ulifanyika kabla ya kurekodi. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1952 huko Jadotville, Katanga, mji ambao leo ni Likasi, hapakuwa na fursa ya kuja kulipunguza gitaa baadaye. Tracey alikuwa na mazoea ya kuishika maiki mkononi, akiisogeza kuelekea alichotaka kisikike. Miksi ilikuwa mkono wake na sikio lake, papo kwa papo. Miaka thelathini baadaye, mwezi Januari 1982, Bruce Springsteen alijirekodi katika nyumba ya kupanga Colts Neck, New Jersey, kwa mashine ya kaseti yenye njia nne. Kaseti hiyo aliipeleka kwa meneja wake, Jon Landau, pamoja na maelezo aliyoyaandika kwa mkono. Nyimbo zikajaribiwa upya studio na bendi, lakini kilichotoka sokoni mwaka huohuo kama albamu ya Nebraska ni kaseti yenyewe. Ili jambo hilo litokee, lazima kulikuwa na watu waliokuwa na ujasiri wa kusikia kwamba kazi imekwisha. Msikilizaji anayeweza kusema “usiguse tena” ni nadra, kwa sababu anaonekana hakufanya kitu.

Mzee wetu ana sharti moja ambalo vijana hulilalamikia. Wimbo aliokwisha kuusikia na kuusikia tena baada ya marekebisho, hauchukui. Kijana wa barua alirudi na toleo jipya, mzee akairudisha simu kabla haijalia. “Sasa mama namwona hata ukimfunika kwa ngoma,” akamwambia. “Nimeshayajua maneno. Mpelekee fundi cherehani wa pale kona. Hajausikia, halafu gitaa halipendi.”