Uhakiki wa Istilahi: "Maumivu Sugu ya Nyonga"

Istilahi ya utabibu ina kazi mbili: kumwezesha mganga kuelewana na mganga mwenzake, na kumwezesha mgonjwa kujieleza. Istilahi inayotimiza kazi ya kwanza na kushindwa ya pili hapana budi ihakikiwe. Mfano wake ni "maumivu sugu ya nyonga", fungu la maneno linalotumika katika maandishi ya afya kwa maana ya maumivu ya wanawake, ya miezi 6 au zaidi, yatokayo chini ya kitovu, penye mji wa mimba, vifuko vya mayai, kibofu na mwisho wa utumbo.

Tuanze na nyonga. Katika Kiswahili cha kila siku, nyonga ni mahali paja linapoungana na kiuno. Kwa mifupa, istilahi fupanyonga haina kasoro. Lakini mama wa Marangu au Kibosho, apandaye mteremko na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, akiulizwa kama nyonga inamwuma, atafikiri juu ya kiungo chake na mzigo wake. Atajibu swali ambalo hakuulizwa. Tena wengi wa akina mama hao huzungumza Kichaga nyumbani. Kiswahili wanachoteremka nacho mpaka Moshi, katika Hospitali ya Mawenzi au ile ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ni cha sokoni na shuleni, si cha vitabu vya elimu ya mwili. Daktari naye amesomea kazi yake kwa Kiingereza. Daraja baina yao ni neno moja tu, nalo limeegemea upande mmoja.

Waswahili wana neno chango. Halifai kuwa istilahi, kwa kuwa hubeba maradhi mengi ya tumbo pamoja, hata minyoo. Hata hivyo mganga alisikiapo asilidharau, bali aulize zaidi. "Tumbo la chini" ndilo jina lililo wazi kwa wote.

Pili ni sugu. Twasema jambazi sugu, na kifua kikuu sugu kisichosikia dawa. Mgonjwa aambiwaye maumivu yake ni sugu huenda akaelewa kwamba hayana tiba. "Ya muda mrefu" husema lililokusudiwa, wala halimkatishi tamaa.

Tatu ni jina la kipimo. Ultrasaundi limekwisha kukubalika, na hatuna sababu ya kulipinga. Linalopingwa hapa ni desturi ya kukiita kipimo hicho eksirei au picha ya mionzi. Ultrasaundi haitumii mionzi hiyo; hutumia mawimbi ya sauti yanayopita mitetemo 20,000 kwa sekunde, ambayo sikio la binadamu haliyasikii. Mawimbi hayo hugonga viungo na kurudi kama mwangwi. Mjamzito anayeogopa mionzi anastahili kuelezwa hivyo. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walipotangaza matokeo ya kazi yao mwaka 1958, walionyesha jinsi mwangwi huo unavyoweza kutambua uvimbe wa tumboni kwa wanawake bila kupasua.

Kosa kubwa zaidi limo katika lugha ya majibu. Ultrasaundi huonyesha vizuri fibroidi na vifuko vya maji katika ovari. Lakini makovu membamba yanayonatisha viungo, na mabaka madogo ya endometriosisi, mara nyingi hayaonekani. Maumivu ya misuli na neva nayo hayana picha. Kwa hiyo maneno "hakuna kitu" si tafsiri sahihi ya majibu hayo. Mwanamke huyasikia kama hukumu kwamba anajisingizia, na jamaa zake huanza kutafuta mchawi au kumwita mvivu. Iandikwe na kusemwa: "Kipimo hiki hakikuonyesha chanzo cha maumivu." Sentensi hiyo huacha mlango wazi kwa uchunguzi mwingine.

Twapendekeza basi "maumivu ya muda mrefu ya tumbo la chini", na fupanyonga libaki kwa mifupa. Baraza liliundwa mwaka 1967 kukuza lugha itumikayo na wananchi, na mgonjwa ni mwananchi. Wauguzi, wakunga na waganga, ambao husikia maneno haya kila siku, wanaombwa watuletee maoni yao.