Moto Tumeuona, Bukumbi Je?

Michezo mingi ya Mashahidi wa Uganda parokiani kwetu, Shinyanga hadi Geita, huishia Namugongo, 3 Juni 1886: moto, kilio, pazia. Ujasiri tumeuona. Unyenyekevu uko wapi? Mwandishi kausahau!

Kabaka Mwanga aliyeamuru wachomwe alipinduliwa 1888. Akakimbilia kusini mwa ziwa: Magu, kisha misheni ya Bukumbi, kule uvukako maji ukitoka Geita kwenda Mwanza. Wakampokea nani? White Fathers, shirika lililowabatiza baadhi ya Wakatoliki aliowaunguza. Hapo ndipo penye mchezo, jamani! Kumfungulia mtesi wako mlango kunahitaji ujasiri uleule wa motoni.

Basi ndugu chipukizi, usimchore Mwanga shetani mwenye mapembe. Mpe njaa, mpe aibu, abishe hodi. Padre ajibu.