Jina la Leso Sebuleni: Maoni Juu ya Usomaji wa Kanga Katika Nyumba za Meru na Embu

Wahakiki wa kanga, ambayo Wakenya wengi huiita leso, wamezoea kuyakusanya majina yake na kuyapanga kama methali katika kamusi. Kazi hiyo ina faida, lakini inasahau kwamba jina halisimami peke yake. Liko chini ya mji, limezungukwa na pindo, na nguo yenyewe iko mwilini mwa mtu. Mwanamke wa Mombasa ajifungaye leso yenye maneno "Kikulacho ki nguoni mwako", akapita mbele ya jirani yake, amekwisha nena bila ya kufumbua kinywa. Naye akiulizwa aweza kukana, kwani amevaa nguo tu.

Leso hiyo hiyo ifikapo Meru au Embu hubeba mtoto mgongoni na hufungwa juu ya rinda wakati wa kazi. Lakini pia huingia sebuleni. Hutundikwa mlangoni pa chumba badala ya pazia, hushonwa foronya za mito, hutandikwa juu ya makochi yaliyozoea vitambaa vyeupe vya kufuma.

Wapo wasemao kwamba mtu wa bara hupenda rangi tu, jina halimhusu. Sikubaliani nao. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la mtihani katika shule za msingi. Mtoto wa Chuka au Runyenjes alilisoma pazia la mama yake bila ya taabu. Kilichobadilika si uwezo wa kusoma, bali ni nafsi. Mwilini, "mwako" ilimlenga mtu mmoja, naye alijijua. Mlangoni, inamlenga kila aketiye kunywa chai, na mgeni huanza kujiuliza ni nguo ya nani inayosemwa. Kijembe kimepoteza shabaha; "Mgeni njoo, mwenyeji apone" haipotezi kitu, bali huenda ikapata makao bora kuliko kiunoni.

Kisha kuna mkasi, ambao wahakiki hawautaji kabisa. Fundi anayetafuta mraba wa mto huukata mji, kwa kuwa ndiko liliko ua kubwa. Kitenge, ambacho kwa kawaida hakina jina, hakipungukiwi na neno, leso hupungukiwa. Sentensi yote hubaki katika ukanda mwembamba wa nguo, pamoja na pindo, sakafuni chini ya cherehani.